Miraa haifuti pombe kichwani mwa dereva

KILA daktari aliyefanya kazi Isiolo kwa muda ameisikia kauli hii katika chumba cha majeruhi: "Daktari, mimi sijalewa. Nimetafuna, niko macho." Anayeisema huwa amelazwa kitandani, shati limelowa damu, shavu moja bado limejaa miraa na pumzi zake zinanuka bia. Mtu huyu hasemi uongo. Ni kweli yuko macho. Tena anaamini kwa moyo wake wote kwamba usingizi ukishamtoka, pombe nayo imemtoka.

Imani hiyo ndiyo inayotuletea baadhi ya majeruhi wetu wabaya zaidi. Leo nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini miraa haiondoi pombe mwilini, kwa nini dereva aliyechanganya vitu hivi viwili ni wa kuogopwa kuliko mlevi anayepepesuka, na ni hatua gani zinazoweza kuchukuliwa hapa kwetu.

Mji wa njia panda

Ni sehemu chache nchini zinazokutanisha pombe, miraa na barabara kuu kama Isiolo. Jirani yetu ni vilima vya Nyambene, ambako wakulima wa Maua, Laare na Kangeta hupanda miraa. Jani hili hupoteza nguvu yake ndani ya siku mbili hivi, na kwa sababu hiyo magari yanayolibeba hayajui kwenda polepole. Kutoka kusini barabara inashuka mteremko mrefu wa Subuiga hadi mjini. Kuelekea kaskazini inapita Archer's Post, Merille na Laisamis hadi Marsabit na Moyale, safari ya takriban kilomita 500.

Zamani barabara ya Moyale ilikuwa ya mawe na vumbi, na magari yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi kwa kuhofia majambazi. Lami ilipokamilika katika miaka ya 2010 tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami haimsamehe mlevi. Dereva aliyelewa akienda kilomita 30 kwa saa juu ya mawe aliishia mtaroni na jeraha la paji la uso. Akienda kilomita 100 kwa saa, gari lake hukata karibu mita 28 kwa kila sekunde. Akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, amekwisha kusonga mita 14 zaidi, na usiku mita hizo 14 ndizo zilizokuwa kati yake na ngamia anayevuka barabara. Ngamia ana miguu mirefu. Gari likimpiga miguu, mwili wake huangukia kioo cha mbele na paa, pale walipoketi watu.

Tangu 2021 takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) zimeonyesha zaidi ya vifo 4,000 barabarani kila mwaka nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Hivyo basi, asiyekunywa hata tone asidhani habari hii haimhusu. Huenda ndiye atakayekuwa ukingoni mwa barabara.

Ulevi haupimwi kwa miguu

Watu wengi hupima ulevi kwa miguu. Mtu akitembea wima na kutamka jina lake vizuri, husemwa ni mzima. Kumbe pombe haianzi na miguu. Huanza na sehemu ya ubongo inayopima hatari. Ndiyo maana mtu aliyekunywa chupa mbili huongea kwa ujasiri, hucheka kwa sauti na kuona kwamba anaweza kulipita lile lori lililo mbele yake kabla ya kona. Baadaye macho huchelewa kuzoea giza baada ya kumulikwa na taa za gari linalokuja, vilivyo pembeni havionekani vizuri, na mkono na mguu huchelewa kutii. Kupepesuka huja mwisho.

Jambo hili lilithibitishwa kitambo. Mnamo 1964 Robert Borkenstein wa Marekani, ambaye miaka kumi kabla ya hapo alibuni kifaa cha kupima pombe katika pumzi, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi uliofanywa katika mji wa Grand Rapids. Waliwalinganisha madereva waliopata ajali na wale ambao hawakupata. Ilionekana kwamba dereva mwenye miligramu 150 za pombe katika mililita 100 za damu hukabiliwa na hatari ya kusababisha ajali mara 25 hivi kuliko asiyekunywa. Hapa Kenya, katika miaka ya 1990, Wilson Odero na Anthony Zwi waliwapima madereva barabarani mjini Eldoret na kukuta kwamba karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na pombe mwilini. Hao hawakuwa majeruhi. Walikuwa madereva wa kawaida wakienda zao.

Chupa moja, saa mbili

Kiwango kilichowekwa Kenya ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, sawa na miligramu 0.35 katika lita moja ya pumzi. Tarakimu hizi hazina maana kwa dereva mpaka azigeuze kuwa chupa. Tuzigeuze.

Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina gramu 16 hivi za alkoholi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo humpandisha kwa takriban miligramu 35. Akinywa tatu kwa haraka, amekwisha kupita kiwango. Kichupa cha robo lita cha pombe kali ya asilimia 40 ni sawa na karibu chupa tano za bia, ingawa kinatosha katika mfuko wa koti. Mwanamke, au mwanamume mwenye mwili mdogo, hufika huko upesi zaidi.

Pombe ikishaingia katika damu, ini ndilo huisaga, tena kwa mwendo wake wenyewe wa miligramu 15 hivi kila saa. Ini haliharakishwi. Maji baridi, kahawa nyeusi, supu ya mbuzi, ndimu, kutapika, kuoga, kukimbia, yote hayo hayaongezi mwendo huo. Kwa hivyo kila chupa ya bia huhitaji saa mbili na zaidi ili iishe mwilini.

Sasa tazama mfano huu. Dereva anaanza kunywa saa moja jioni, anamaliza chupa yake ya nane saa sita usiku, analala vizuri na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili apakie abiria. Ameoga, amekunywa chai, anajiona mzima. Ukipiga hesabu hiyo ya chupa na saa, damu yake bado ina zaidi ya miligramu 120. Amepita kiwango kwa mbali, na abiria wanaoingia garini na watoto wao hawana habari, kwa kuwa nani humshuku dereva wa alfajiri?

Nimetaja bia kwa sababu nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Chang'aa na pombe nyingine za vichochoroni hazina kipimo. Isitoshe, zikichanganywa na methanoli huua mishipa ya macho. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe ya aina hiyo, na wengine walipofuka. Anayekunywa asichokijua kisha akashika usukani hajui hata kama atakuwa na macho ya kumfikisha.

Miraa hufanya nini?

Ndani ya miraa kuna dawa iitwayo kathinoni. Hufanana katika kazi yake na zile dawa za kuchangamsha ambazo madaktari huziita amfetamini. Huupandisha mpigo wa moyo na shinikizo la damu, hufukuza usingizi na njaa, na humfanya mtu kuwa msemaji. Haifiki kwenye ini kuliambia liharakishe kazi. Dereva aliyekuwa na miligramu 120 kabla ya kutafuna atakuwa na 120 zile zile akiwa na shavu limejaa, isipokuwa zilizopungua kwa kupita kwa saa.

Kinachobadilika ni vile anavyojisikia. Pombe pekee ina rehema moja ndogo, nayo ni kwamba humlaza mlevi. Wengi wameokolewa na usingizi uliowashika kwenye kiti cha baa kabla hawajaufikia mlango wa gari. Miraa huiondoa rehema hiyo. Humwachia mtu macho yaliyo wazi na ubongo ule ule usioweza kupima hatari. Humpa nguvu ya kuendesha saa nne zaidi akiwa amelewa. Dereva wa namna hii hajui kwamba amelewa, na polisi anayemtazama tu usoni hajui pia.

Halafu kuna upande wa pili, ambao madereva wa masafa marefu wanaujua vizuri. Aliyetafuna usiku kucha ili afikishe mzigo hawezi kulala anapofika. Moyo unamwenda mbio, yuko na handasi, na kesho jioni anatakiwa barabarani tena. Hapo hunywa bia au pombe kali ili ashuke. Analala saa tatu nne, anaamka na pombe bado mwilini, anahisi mzito, anatafuta miraa. Hiyo ni duara. Nimeongea na madereva wa malori wanaozunguka ndani yake kwa miaka. Wengi si watu wa anasa. Ni baba wa watoto wanaolipwa kwa safari, na safari isipofika kwa wakati hakuna malipo.

"Kwa nini hukulala huko huko?"

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kulisema katika mji wetu, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimeandika nusu. Isiolo ni mji wenye Waislamu wengi, na katika familia nyingi kunywa pombe ni aibu kubwa. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Kama daktari natamani yangefuatwa na watu wengi zaidi. Lakini anayeshindwa kuyafuata hufanya nini? Huenda kunywa mbali, mahali ambapo hajulikani. Na aliyekunywa mbali lazima arudi, mara nyingi usiku, mara nyingi akiendesha mwenyewe, na mara nyingi akitafuna ili ashinde usingizi na kuficha harufu.

Miaka michache iliyopita nilimpokea kijana mmoja ambaye sitamtaja jina wala mtaa. Alikuwa amekunywa na binamu yake katika mji mmoja huko juu. Walikaa wakatafuna kwa saa mbili, wakaona wako sawa, wakateremka ili wafike nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Gari lilitoka barabarani kwenye kona. Kijana alivunjika paja na mbavu. Binamu yake hakufika hospitalini akiwa hai.

Mama yake alipofika nilitarajia maneno makali kuhusu pombe. Hakuyasema. Alisimama kando ya kitanda akauliza, "Mwanangu, kwa nini hukulala huko huko?" Kijana akageuza uso ukutani, akajibu, "Niliona aibu, mama."

Tatizo la hospitali

Pombe hutuharibia kazi hata baada ya ajali. Mtu aliyepigwa kichwa na anayenuka pombe akianza kusinzia, ni rahisi kwa jamaa zake, hata kwa mhudumu wa afya aliyechoka, kusema "mwacheni alale, pombe itaisha." Huenda ni pombe kweli. Huenda pia ni damu inayovuja ndani ya fuvu na kuubana ubongo, na asubuhi tukamkuta hatamki tena. Kwa nje mambo haya mawili hufanana. Kwa hivyo naomba kila msomaji akumbuke: mlevi aliyegonga kichwa asiachwe alale nyumbani. Alazwe kwa ubavu ili akitapika asisakamwe, na apelekwe kwa daktari usiku huo huo.

Hatua zinazofaa

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ajali ya aina hii ina kinga, na naziona hatua tano.

Kwanza, sheria ishike tarakimu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamshtaki anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Mwishoni mwa 2013 kifaa cha kupima pumzi, kile tunachokiita Alcoblow, kilianza kutumika barabarani. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zilizokisimamia hazikupatana na sheria mama. Kwa maoni yangu kama daktari, swali la kama mtu "ameshindwa kulimudu gari" ndilo linalompa nafasi yule wa "niko macho". Wabunge waandike kiasi cha pombe ndani ya sheria yenyewe. Wakiandika, wakumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi miligramu 50, na 20 kwa vijana na madereva wapya. Kwa anayebeba abiria, wanafunzi au mafuta ya petroli, mimi ningeandika sufuri.

Pili, upimaji uje na mahali na saa zinazostahili. Kumpima mtu Ijumaa usiku nje ya baa za Nairobi ni vyema, lakini dereva wangu wa chupa nane yuko stejini Isiolo saa kumi na moja alfajiri. Apimwe hapo kabla hajapakia. Wapimwe pia wanaoanza kuteremka Subuiga na wanaotoka kuelekea Archer's Post. Jimbo la New South Wales huko Australia lilianza Desemba 1982 kuwasimamisha madereva bila kuchagua na kuwapima wote, na vifo vilipungua sana. Siri yake ilikuwa kwamba kila dereva aliamini anaweza kusimamishwa siku yoyote. Wengine watasema kwamba vituo vya kupima vitakuwa vituo vya hongo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini harufu ya mdomo hujadiliwa na kupunguziwa bei kwa urahisi kuliko tarakimu iliyoandikwa kitabuni mbele ya abiria.

Tatu, hospitali zichukue damu ya kila dereva aliyeletwa kutoka kwenye ajali mbaya. Kwa sasa fomu ya P3 mara nyingi huandikwa "alinuka pombe," maneno ambayo wakili huyavunja kwa dakika mbili. Kazi yenyewe si ngumu. Ngozi isisafishwe kwa spiriti, damu iwekwe katika chupa yenye floridi ili isichachuke, saa iandikwe, na sampuli ifungwe na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Kaunti inaweza kununua chupa hizo kwa fedha kidogo, na baada ya mwaka mmoja tutakuwa na hesabu yetu wenyewe badala ya kubahatisha.

Nne, wenye magari. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Tajiri anayetaka lori lifike Moyale na kurudi bila dereva wa pili anajua vizuri dereva huyo atakula nini ili akeshe. Asije matangani akilia kuliko wafiwa. Vyama vya boda boda navyo viwe na kanuni rahisi: aliyekunywa anyang'anywe ufunguo na wenzake mpaka kesho yake, bila matusi na bila kumwita polisi.

Tano, sisi jamaa. Hatua hii haihitaji bajeti. Imamu, padri na mzazi waendelee kuhubiri dhidi ya pombe. Hiyo ni kazi yao na naiunga mkono. Lakini kila nyumba iwe na neno moja lililosemwa mapema, siku ambayo hakuna aliyelewa: ukianguka katika kosa hilo, usiendeshe, piga simu, au ulale uliko, na tutazungumza kesho. Kuzungumza kesho kunahitaji mtu aliye hai.

Nao madereva ninawaachia hesabu ya kubeba kichwani: chupa moja, saa mbili na zaidi, na miraa haipunguzi hata dakika. Ukiwa na shaka, toa ufunguo, mpe mwenzako asiyekunywa. Asipokuwapo, lala huko huko.